Bima ya Mvua kwa Wakulima: Hukumu Yake na Wajibu Wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye mvua kwa kiasi akitakacho na aizuiaye atakapo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: tumeletewa katika darsa yetu suala ambalo limekuwa likirudiwa na watu mbalimbali, wenye mashamba na wasio na mashamba, nalo ni hili: kuna bima ambayo mkulima au mfugaji hulipa kitu kidogo kabla ya msimu wa mvua, na mvua ikikosekana hulipwa yeye, je, jambo hili lafaa katika sharia au halifai? Baadhi ya waliouliza walikuwa wamekwisha kujijibu kabla hawajauliza. Mmoja asema ni haramu kwa kuwa kila kiitwacho bima ni haramu. Na mwengine asema ni halali kwa kuwa jina lake limeandikwa kwa Kiarabu. Hao wote wawili wamehukumu kwa jina. Nasi twajua kwamba katika mapatano kinachotazamwa ni maana na makusudio, wala si matamko peke yake. Pombe haiwi siki kwa kubandikwa karatasi ya siki kwenye chupa yake, wala siki haiwi pombe kwa kutiwa katika chupa iliyokuwa ya pombe.

Na wanavyuoni wamesema kwamba kuhukumu kitu ni tawi la kukijua kilivyo. Basi natukijue kwanza.

Bima hii haifanani na ile ya gari au ya nyumba. Gari likigongwa, huja mtu akalitazama, akakadiria khasara. Lakini mkulima mwenye ekari mbili za mahindi huko Kwale au Kilifi, akitumiwa mtu wa kwenda kulitazama shamba lake, nauli ya huyo mtu na siku zake zitazidi mchango wote alioutoa mkulima. Kwa sababu hiyo bima ya mazao, kwa miaka mingi, ilikuwa ni ya wenye mashamba makubwa tu. Kisha ikabuniwa njia nyengine: halitazamwi shamba la mtu mmoja mmoja, bali hutazamwa kipimo kimoja kwa eneo zima. Kipimo hicho huwa ni mvua iliyonyesha, au ni ukijani wa majani unaoonekana na setilaiti kutoka juu. Kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichoafikianwa, wote walio katika eneo lile hulipwa, bila ya mtu kuandika madai wala kuleta mashahidi.

Katika nchi yetu ya Kenya jambo hili lilijaribiwa Laikipia mwaka 2009, kwa mpango ulioitwa Kilimo Salama. Mkulima aliponunua mbegu au mbolea dukani aliongeza sehemu 5 katika mia ya bei, na kampuni zilizouza bidhaa zile zikaongeza 5 nyengine. Vituo vidogo vya kupimia mvua viliwekwa, navyo vilitumia nguvu za jua. Na malipo yakawa yapelekwa kwa simu. Mwezi wa Januari 2010 ikaanza Marsabit bima ya mifugo, ambayo kipimo chake ni malisho yanavyoonekana na setilaiti. Na mwaka 2013 bima hiyo ya mifugo ikafika Wajir, ambako watu wake ni Waislamu, kwa mkono wa kampuni iitwayo Takaful Insurance of Africa, iliyosema kuwa itaiendesha kwa kanuni za sharia. Mwaka uliofuata, 2014, wafugaji kama 100 wa Wajir walilipwa kwa sababu ya ukame. Mwaka 2015 Serikali nayo ikaingia, ikaanza kuwalipia wafugaji maskini wa Turkana na Wajir mchango wa mifugo hadi kadiri ya ng'ombe 5 kwa kila nyumba.

Kuna jambo moja katika khabari hizi ambalo lafaa litiliwe maanani. Hapo mwanzo bima ya mifugo ilikuwa ikilipa baada ya wanyama kufa, yaani ni fidia ya mizoga. Baadaye wakaigeuza, ikawa yalipa mapema malisho yanapoanza kukauka, ili mwenye ng'ombe anunue majani na maji, na ng'ombe abaki hai. Twaona kwamba geuzo hili ni la busara kubwa, na liko karibu zaidi na makusudio ya sharia, ambayo kulinda mali ni moja katika misingi yake. Na kulinda ni kabla ya kupotea.

Sasa tuje kwenye hoja za wanaokataza.

Iko hoja isemayo kwamba mwenye kujikinga na ukame kwa bima amepunguza kumtegemea Mwenyezi Mungu, kwani mvua ni katika mambo ya ghaibu aliyoyakhusisha kwake. Hatutakaa sana hapa. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache kwa kutawakali, naye akamwamrisha afunge na atawakali. Na Nabii Yusuf (a.s.), naye ni nabii, aliwaamrisha watu wa Misri waweke akiba ya miaka 7 kwa ajili ya miaka 7 ya shida, wala hakuwaambia wakae wangoje. Tena twastaajabu kuwasikia watu wakiona mkulima kuweka akiba ni upungufu wa imani, ilhali ndio hao hao ambao mvua ikichelewa huchangishana kumnunua ng'ombe azungushwe mji mzima kwa nyimbo na moshi wa ubani. Sala ya kuomba mvua imo katika vitabu vyetu vyote vya fikihi, ina rakaa zake na khutuba zake na istighfari zake. Na ng'ombe wa kuzungushwa hayumo.

Hoja iliyo nzito ni ile ya pili, kwamba bima ni kamari na ni biashara ya gharar. Hii si hoja ya kuchezewa. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza uuzaji wa gharar, yaani uuzaji wa kitu ambacho mwisho wake umefichikana. Na katika bima ya biashara, mtu hutoa fedha inayojulikana kwa kubadilishana na fedha isiyojulikana kama itakuja au haitakuja, na ikija haijulikani itakuja lini. Mvua ikinyesha vizuri, kampuni imekula mchango wake bure. Ikikosekana, yeye amekula mali ya kampuni zaidi ya aliyoitoa. Mmoja hapati ila mwenziwe akikosa. Haya ndiyo mapatano ya kucheza kamari hasa, ijapokuwa wanaoyafanya wamevaa suti.

Wanavyuoni waliliona jambo hili zamani. Ibn Abidin wa Damascus, aliyekufa mwaka 1836, alitaja katika kitabu chake desturi ya wafanyabiashara waliokuwa wakilipa fedha iitwayo sukra ili, chombo chao kikizama au kikitekwa, walipwe bidhaa zilizopotea. Naye akasema kwamba haimhalalikii mfanyabiashara kuchukua badala ya mali iliyopotea kwa mapatano hayo, kwa kuwa ni mtu kujilazimisha kitu ambacho sharia haikumlazimisha. Katika mwaka 1961 wanavyuoni walikutana Damascus wakalijadili suala la bima: Sheikh Mustafa al-Zarqa akaona kuwa yafaa, na Sheikh Muhammad Abu Zahra akampinga. Baadaye Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudia mwaka 1977, na Majmaa ya Fikihi katika mkutano wake wa Jiddah mwaka 1985, wakatoa uamuzi ambao ndio tunaoufuata sisi: bima ya biashara, yenye mchango wa kununulia fidia, haijuzu, na bima ya kusaidiana, ambayo watu huchangiana ili kumwinua aliyeanguka miongoni mwao, yajuzu.

Huenda msomaji akauliza: fedha ni ile ile, ukame ni ule ule, mbona hukumu zimekuwa mbili? Jawabu ni kwamba fedha inayotoka mkononi inaweza kuwa ni bei na inaweza kuwa ni sadaka, na hukumu zake zikapishana kama mbingu na ardhi. Ukimpa mtu shilingi mia leo ili akurejeshee mia na kumi kesho, ni riba. Ukimpa mia kwa mapenzi, naye kesho akakupa mia na kumi kwa mapenzi bila ya sharti, ni wema juu ya wema. Basi katika bima ya kusaidiana wanachama hawamuuzii mtu kitu wala hawanunui kitu. Kila mmoja hutoa mchango wake kuwa ni tabarui, yaani kujitolea, ukaingia katika mfuko ambao ni wao wote. Imam Malik amepambanua baina ya mapatano ya kubadilishana, ambayo gharar huyaharibu, na mapatano ya kujitolea, ambayo gharar haiyadhuru, kwa kuwa mwenye kutoa kwa ihsani hana khasara asipopata kitu. Twajua kwamba wengi wetu hapa pwani ni watu wa madhehebu ya Imam Shafii, na Mashafii hawakulegeza hivyo katika kupeana kitu kisichojulikana. Lakini haki haikufungwa katika kitabu kimoja, wala Imam Shafii mwenyewe (r.a.) hakumwamrisha mtu amfuate yeye pale penye dalili iliyo na nguvu zaidi. Na dalili hapa iko.

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari: walikuwa wakipungukiwa na masurufu vitani, au chakula cha ahali zao kikiwa kidogo mjini Madina, hukusanya walichonacho wote katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume akasema kuwa wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Basi tazama: mmoja huenda alitia vibaba vitatu akatoka na kimoja, na mwengine alitia nusu kibaba akatoka na kimoja. Hapakuulizwa nani amepata faida. Gharar ilikuwamo ndani ya nguo ile, na Mtume akaisifu, kwa kuwa haikuwa biashara.

Tena liko jambo lililo karibu zaidi na suala letu, nalo ni la mazao yenyewe. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kuiva, na sababu aliyoitaja ni kwamba Mwenyezi Mungu akiyazuia yale matunda, muuzaji ataila mali ya nduguye kwa haki gani? Na katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, Mtume aliamrisha kwamba aliyenunua matunda kisha yakapatwa na balaa ya mbinguni apunguziwe. Wanavyuoni huziita balaa hizo jawaih: ukame, baridi, upepo, nzige. Malik amesema kupunguza ni wajibu khasara ikifika thuluthi. Ahmad amesema ni wajibu. Na Shafii katika kauli yake ya mwisho amesema ni jambo la kupendeza lisilo la lazima. Wamekhitalifu katika lazima, lakini hawakukhitalifu katika asili yake: kwamba khasara ya mbinguni haikupasa kumwangukia mtu mmoja peke yake ilhali wengine wanatazama.

Basi rai yetu ni kwamba bima ya mvua na ya malisho yajuzu ikiwa ni ya kusaidiana kwa kweli. Na ukweli huo una alama zake, nazo mtu aziulize kabla hajatia saini au kidole. Aulize mfuko wa wanachama umetengwa na mali ya kampuni au umechanganywa. Kwani kampuni ni wakili tu, ana ujira wake ulio wazi, wala si mwenye mfuko. Aulize baki ya mwisho wa mwaka yaenda wapi: ikirudi kwa wanachama, au ikitolewa sadaka kwa ridhaa yao, au ikiwekwa akiba ya miaka mibaya, ni sawa, ikiingia mfukoni mwa wenye kampuni, basi hiyo ni ile bima ya kwanza iliyovaa kanzu. Aulize fedha zinazongoja msimu zimewekwa wapi, zisije zikawa katika akaunti ya riba. Aulize mfuko ukipungukiwa nani aujaza. Na itakikanavyo ni kwamba kampuni iukopeshe karadha njema isiyo na ziada. Na aulize wanavyuoni wanaousimamia ni kina nani, wala asitosheke kuambiwa kuwa wako.

Kisha tunaongeza sharti moja ambayo bima hii ya kipimo yaihitaji kuliko nyengine yoyote. Kwa vile halitazamwi shamba la mtu, yamkini akaingia mtu asiye na shamba wala mbuzi, akalipa mchango, akakaa kibarazani akiomba ukame! Huyo hakujikinga na khasara yoyote. Ameweka dau juu ya mawingu. Kwa mtu huyo ni kamari wazi, hata mfuko ukiwa na wanavyuoni sabini. Basi mfuko usipokee ila mwenye shamba au mwenye mifugo, na kwa kadiri ya alichonacho.

Hapa twafika penye upungufu mkubwa wa bima hii, ambao wauzaji wake hawapendi kuutaja. Kipimo ni cha eneo, na mvua haifuati mipaka ya karatasi. Nani wetu hajapata kuona mvua ikinyesha upande mmoja wa barabara na upande wa pili ukabaki vumbi? Kituo cha mvua kikiwa kimepata mvua, na shamba lililo mbali nacho likakauka, mkulima yule hupoteza mahindi yake na mchango wake pamoja. Na setilaiti huona kijani, lakini haijui kwamba kijani kile ni magugu ambayo mbuzi hali. Vile vile mahindi yaweza kuliwa na wadudu au kuchukuliwa na maji, na kipimo kilichowekwa kwa ajili ya ukame kikanyamaza. Watu wa Tana River wanajua tunavyosema, kwani mto unapofurika shamba hufa kwa maji kama lifavyo kwa kiu.

Je, upungufu huu waiharamisha bima? Kwa rai yetu hauiharamishi, lakini waifanya iwe amana nzito. Mkulima asiyesoma akiambiwa kuwa mavuno yake yamewekewa dhamana, ilhali kilichowekewa dhamana ni kipimo cha mvua, huyo ameghushiwa, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi. Yapasa aambiwe kwa lugha yake, mbele ya jamaa zake: ni jambo gani litalipwa, ni lipi halitalipwa, na kwamba mwaka mwema mchango haurudi mkononi. Tena ingekuwa kheri sana kila mfuko utenge fungu dogo la kuwatazama wale ambao kipimo kimewapita, wakaguliwe na wazee wa kijiji chao, wapewe cha kuanzia tena. Kwa mfuko wa biashara fungu hilo ni khasara. Kwa mfuko wa kusaidiana ndiyo maana yake yenyewe. Na katika hadithi ya Qabisa iliyopokewa na Muslim, mmoja katika watu watatu waliohalalishiwa kuomba ni yule aliyepatwa na balaa iliyoifuta mali yake, mpaka apate cha kumsimamisha.

Sasa ndugu zetu wa mjini, msidhani kwamba maneno haya ni ya watu wa bara na wa mashambani, na nyinyi mmekaa salama penye bomba na duka. Haja ya mkulima kwa bima yatokana na sababu mbili, na moja iko mikononi mwetu.

Sababu ya kwanza ni hali ya hewa iliyogeuka. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 mpaka vuli ya mwaka 2022 misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo katika kaskazini na mashariki ya nchi yetu na kwa jirani zetu Somalia na Ethiopia. Haikupata kuonekana hivyo kwa miaka 40. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika Kenya. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 ikaja mvua ya mafuriko, ikachukua ardhi iliyokuwa imelegea kwa kiu. Wataalamu wamethibitisha kwamba dunia yapata joto kwa sababu ya moshi wa makaa na mafuta unaochomwa na mataifa yenye viwanda, na joto hilo lazidisha ukali wa ukame na wa mafuriko yote mawili. Mkulima wa Ganze aliyechoma kuni zake tatu ndiye alipaye. Wazee wetu walikuwa wakijua siku ya kupanda kwa kuhesabu miongo ya mwaka na kwa kutazama kusi ilivyoingia. Leo hesabu zile zawadanganya watoto wao.

Sababu ya pili ni deni. Mvua ikikosekana mkulima huja mjini, na mjini humkuta nani? Humkuta mwenye duka, naye mara nyingi ni Mwislamu, yuko safu ya mbele msikitini. Humpa gunia la unga kwa mahindi ambayo hayajachipuka, kwa bei ambayo yeye peke yake ameikata. Au hupokea minazi yake rahani, akawa yeye ndiye aangushaye nazi kila mara mpaka deni litakapolipwa, na nazi zile hazihesabiwi katika deni. Twasema kwa uwazi: kila karadha iliyomvutia mkopeshaji manufaa kwa sharti ni riba, na nazi zile ni riba, na tui lake ni riba. Wako waliojificha nyuma ya bei khiyari, wakaandika kuwa wamenunua shamba na muuzaji ana khiyari ya kulirudisha, kisha wakampangisha shamba lake mwenyewe. Hila hiyo ilikuwa mashuhuri Unguja na Pemba katika mashamba ya karafuu, na sisi wa upande huu hatuna haja ya kuwacheka. Walaji wa riba ya namna hii ndio wa kwanza kusema kwamba bima ya mkulima ni haramu! Na huenda wakawa na sababu yao, kwani mkulima aliyelipwa na mfuko wake mwaka wa ukame haji dukani kuweka rahani.

Basi twawaomba wenye uwezo katika miji yetu mambo mawili yaliyo mepesi.

La kwanza, mwenye kudai mtu aliyepatwa na ukame ampe muhula, kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu mwishoni mwa Suratul Baqara juu ya mdaiwa mwenye dhiki, na aliyeshika minazi rahani ahesabu nazi alizokula na azitoe katika deni. Wengine wakihesabu kwa haki wataona kwamba wao ndio wadaiwa.

La pili ni juu ya michango. Kipindi kigumu cha bima hizi ni pale msaada wa Serikali au wa wafadhili unapokoma, kwani maskini hawezi kulipa mchango wote peke yake, na huacha. Tumeulizwa kama yafaa zaka itumike kumlipia. Jawabu letu ni kwamba zaka lazima amilikishwe mwenyewe anayestahiki. Basi haifai kamati kuchukua zaka ikaipeleka kwa kampuni kwa jina la fakiri bila ya yeye kuwa na neno. Ifaayo ni kumpa fakiri zaka yake mkononi kabla ya masika, kwa kadiri itakayomtosha mchango na zaidi, akaelezwa njia iliyopo, naye akakhitari. Akitaka kuingia katika mfuko, ni mali yake, na akitaka kununua jembe, ni mali yake vile vile. Ama sadaka na mapato ya wakfu usiokhusishwa na jambo jengine, hayo hayana ufinyu huo, na yaweza kupelekwa mfukoni moja kwa moja kwa ajili ya kijiji kizima. Misikiti yetu mingine ina vyumba vya kupangisha na minazi ya wakfu, na hesabu zake hazijasomwa mbele ya watu kwa muda mrefu. Zikisomwa, huenda ikaonekana iko fedha ya kulipia wakulima wengi kuliko tudhaniavyo.

Limebaki suala dogo tuliloulizwa na mkulima mmoja: je, fedha ya fidia aliyolipwa mwaka wa ukame hutolewa ushuri kama mazao? Haitolewi. Ushuri ni wa nafaka iliyovunwa na kufika nisabu: sehemu ya kumi kwa iliyomea kwa mvua, na nusu ya sehemu ya kumi kwa iliyonyweshwa kwa taabu. Fidia ni fedha. Ikifika nisabu ya fedha na ikakaa mwaka mzima kwake, ataitolea zaka ya fedha, sehemu mbili na nusu katika mia. Na aliyelipwa kadiri ya kununua unga wa watoto wake mpaka vuli, huyo hana zaka ya kutoa. Yeye ni katika wanaopewa.